Huduma ya Gemu Mtandaoni Ikivuja Taarifa za Wateja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Maswali haya hurudi kila habari ya udukuzi inapoenea, kuanzia vibanda vya gemu vya Majengo na Kisauni hadi kwa wazazi wa Nyali waliowekea watoto kadi ya benki ndani ya mashine. Mengi huanza kwa hasira, na hasira hiyo ina haki yake. Yamepangwa kutoka ya mwanzo hadi yale yenye mikunjo. Ukiambiwa "tazama swali la 9", jibu refu liko huko. Kisa kinachotajwa zaidi ni cha mtandao wa PlayStation wa mwaka 2011, kwa sababu tunakijua tangu wizi wenyewe hadi mahakamani, na wateja wake walifanya karibu kila jambo ambalo mteja aliyevunjwa moyo anaweza kufanya.

## Mambo ya mwanzo

1. Gemu ikikataa kufunguka, ndiyo imedukuliwa?

Si lazima. Seva huzimwa kwa matengenezo, hulemewa na wachezaji, au humiminiwa maombi ya uongo mpaka zishindwe kujibu. Mchezo unakatika lakini taarifa zako huenda hazijaguswa. Data huvuja pale mtu asiye na ruhusa anapoingia na kunakili taarifa za wateja, na mara nyingi wakati huo mchezo unaendelea vizuri tu, hakuna anayehisi kitu.

Wala si kila udukuzi unamhusu mteja. Juni 2021 wadukuzi waliiba msimbo wa programu za Electronic Arts, ukiwemo wa FIFA 21, na kampuni ikasema taarifa za wachezaji hazikufikiwa. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika, soma tangazo lenyewe, si picha ya tangazo iliyopita mikononi mwa watu kumi kwenye WhatsApp.

2. Kilitokea nini hasa kwa PlayStation mwaka 2011?

Wadukuzi waliingia kati ya tarehe 17 na 19 Aprili. Tarehe 20 Sony, kampuni yenye PlayStation, wakauzima mtandao mzima, na mchezaji aliyewasha mashine aliona ujumbe wa hitilafu basi. Tarehe 22 kampuni ikakiri kwamba kuna mtu wa nje aliyeingia. Ilipofika tarehe 26 ndipo ikasema majina, anwani, barua pepe, tarehe za kuzaliwa na maneno ya siri ya akaunti zipatazo milioni 77 huenda vimechukuliwa, na kwamba haiwezi kuondoa uwezekano wa namba za kadi kuwemo.

Tarehe 1 Mei, Kazuo Hirai, mkuu wa kitengo cha gemu cha Sony, na wakuu wenzake wawili waliinama mbele ya waandishi wa habari Tokyo kuomba radhi. Siku iliyofuata ikajulikana kwamba huduma ndugu, Sony Online Entertainment, nayo imeguswa: akaunti nyingine milioni 24.6, pamoja na namba za kadi 12,700 za wateja wa nje ya Marekani zilizokuwa zimeachwa kwenye hifadhidata ya zamani ya mwaka 2007. Mtandao ulianza kurudi katikati ya Mei, baada ya siku kama 23. Sony wenyewe walikadiria hasara ya dola milioni 171.

3. Katika vitu vilivyoibwa, kipi kibaya zaidi?

Watu hukimbilia kuuliza kadi. Kadi hufungwa kwa simu moja benki na ukapewa nyingine. Barua pepe pamoja na nenosiri ndivyo hatari zaidi, kwa sababu hufungua milango mingine (swali la 6). Tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na majibu ya maswali ya usalama hayabadiliki, kwa hiyo yakitoka yametoka kwa maisha. Ndiyo maana mtu mwenye busara haandiki jina la shule yake halisi kwenye swali la usalama. Aandike jibu la kubuni na alihifadhi mahali.

4. Kampuni inasema nenosiri lilikuwa "limesimbwa". Nitulie?

Tulia kidogo tu. Kampuni makini hazihifadhi nenosiri lako lilivyo. Hulipitisha kwenye hesabu ya njia moja na kuhifadhi matokeo. Ni kama nazi iliyokunwa: huwezi kuirudisha kifuuni. Ila mwizi naye ana mbuzi wake wa kukunia. Anachukua maneno ambayo watu hupenda kuyatumia, anayakuna moja baada ya jingine, kisha analinganisha machicha. Nenosiri kama "mombasa123" hupatikana mara moja. Neno refu ambalo hulitumii kwingine popote huchukua muda mrefu mno, na mwizi huliacha akaenda kwa mwenye jepesi.

Katika kisa cha 2011 Sony walifafanua siku chache baadaye kwamba maneno ya siri yalikuwa yamepitishwa kwenye hesabu hiyo. Wateja wengi hawakuridhika, na haki yao: maelezo hayo yangekuwamo kwenye tangazo la kwanza.

## Hasira, woga na kupuuza

5. Mbona watu hukasirishwa na ukimya kuliko wizi wenyewe?

Kwa sababu wizi umefanywa na mwizi, ukimya umefanywa na mtu uliyemlipa.

Turudi kwenye tarehe. Mtandao ulizimwa tarehe 20, wateja wakaambiwa kuhusu taarifa zao tarehe 26. Katika siku hizo sita, mtu aliyetumia nenosiri lilelile kwenye barua pepe yake alikuwa wazi bila kujua. Sony walieleza kwamba walihitaji muda wa uchunguzi wa wataalamu kujua ukubwa wa jambo, na ni kweli kwamba uchunguzi kama huo hauishi kwa siku moja. Lakini kumwambia mteja "badilisha nenosiri lako kila mahali ulipolitumia, maelezo mengine yanakuja" hakuhitaji uchunguzi uishe. Seneta Richard Blumenthal wa Marekani aliwaandikia Sony siku ileile ya tangazo akidai waeleze kwa nini wateja walicheleweshewa habari, na hilo hasa ndilo lililokuwa likiwachoma wachezaji.

Linganisha na Valve, wenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Mabaraza yao ya majadiliano yalidukuliwa tarehe 6 Novemba 2011, na tarehe 10 mkuu wa kampuni, Gabe Newell mwenyewe, akawaandikia wateja kwa jina lake, akataja hifadhidata iliyofikiwa, kilichokuwamo, na kisichojulikana bado. Wateja walikasirika nao pia, lakini hasira yao haikudumu vile. Mtu huvumilia kuambiwa "bado hatujui" ikiwa ameambiwa mapema na aliyesema amesimama mbele.

Kwa hiyo ukitaka kuipima kampuni, usihesabu maneno ya kuomba radhi. Angalia siku zilizopita kati ya kujua na kusema, na kama tangazo limekuambia cha kufanya leo.

6. "Mimi sina hata shilingi kwenye akaunti. Wataniibia nini?"

Hili ndilo linaloulizwa zaidi, hasa na vijana, na ndilo linaloumiza zaidi. Anayekasirika hubadilisha nenosiri. Anayecheka na kuendelea kucheza ndiye anayepatikana.

Mwizi hataki gemu yako. Anachukua barua pepe na nenosiri lako, anavitia kwenye programu inayovijaribu kwenye mamia ya huduma nyingine: barua pepe, mitandao ya kijamii, maduka. Oktoba 2011, miezi sita tu baada ya kisa chenyewe, Sony walilazimika kufunga akaunti kama 93,000 zilizofunguliwa kwa njia hiyo. Kampuni ilisema orodha ya majina na maneno ya siri yaliyotumika inaelekea ilitoka kwenye huduma nyingine kabisa. Mlango ulivunjwa kwingine, funguo zikajaribiwa hapa.

Nintendo walipitia jambo kama hilo mwaka 2020. Aprili walitangaza akaunti 160,000, Juni wakafikisha 300,000. Baadhi ya wachezaji waliona pesa zao zikitumika kununua vitu ambavyo hawakuviagiza.

Sasa jiulize barua pepe yako inafungua nini. Kwa kijana wa hapa, ndiyo iliyosajili akaunti ya chuo, maombi ya mkopo wa HELB, eCitizen, pengine na kazi za mtandaoni. Akaunti ya gemu isiyo na pesa inakuwa mlango wa nyuma wa vyote hivyo. Hatua za kufuata ziko swali la 9.

7. Watu husema "nahama". Huhama kweli?

Wachache. Wengi hurudi, wala si kwa kukosa msimamo. Michezo uliyonunua imefungiwa kwenye akaunti ile, marafiki unaocheza nao wako pale, na ukihama wewe peke yako utacheza na nani? Kampuni hujua hilo, na ni moja ya sababu zinazofanya hasira ya mteja mmoja isiwatishe sana.

Lakini kumbukumbu haifutiki. Mei 2024, Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta walazimike kuunganisha akaunti ya PlayStation. Wachezaji waliangusha maoni mabaya kwa mamia ya maelfu kwenye Steam, na ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma. Sababu zilikuwa kadhaa, kubwa ikiwa kwamba nchi nyingi hazina huduma rasmi ya PlayStation. Ila wengi walikumbusha pia habari ya 2011 na kusema hawataki kuwapa Sony taarifa zao tena. Miaka 13 ilikuwa imepita. Ukiuliza kama kelele za wateja husaidia, jibu ni hilo: husaidia zikiwa nyingi, kwa pamoja, na zikidai jambo moja linaloeleweka.

8. Zawadi ya kuomba radhi inatosha?

Mwaka 2011 wateja wa PlayStation walipewa michezo miwili ya bure kutoka orodha fupi na siku 30 za huduma ya kulipia. Waliokuwa Marekani walipewa pia bima dhidi ya wizi wa utambulisho kwa mwaka mmoja. Wapo waliofurahi, wapo waliosema michezo ile walikuwa nayo tayari.

Pokea zawadi, ni haki yako. Lakini soma masharti kabla ya kubofya kukubali. Septemba mwaka huohuo Sony walibadili masharti ya matumizi ili wateja wa Marekani wasiweze kuungana kuishtaki kampuni kwa kesi moja ya pamoja, ila kwa yule atakayeandika barua ya kukataa ndani ya siku 30. Ni wangapi walioiona sentensi ile? Mtu anataka kucheza tu, kidole chake kiko kwenye kitufe cha kukubali kabla macho hayajafika mstari wa pili.

## La kufanya

9. Nimepata habari sasa hivi. Nianzie wapi?

Anzia barua pepe, si gemu. Anayeshika barua pepe yako ataomba nenosiri jipya la kila kitu kingine. Badilisha nenosiri la barua pepe, washa uthibitishaji wa hatua mbili (mbali na nenosiri, unaombwa tarakimu zinazoingia kwenye simu yako), halafu angalia vifaa vilivyoingia na uondoe usivyovitambua. Tazama pia kama kuna mpangilio wa kupeleka nakala ya barua zako kwa anwani usiyoijua. Wezi huuweka huo, na hubaki hata baada ya nenosiri kubadilishwa.

Kisha akaunti ya gemu yenyewe, kisha kila mahali ulipotumia nenosiri lile au linalofanana nalo. Kuongeza "2" mwishoni si kubadilisha. Kama huwezi kukumbuka maneno mengi, tumia programu ya kuhifadhi maneno ya siri, au yaandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Daftari lililo kabatini Tudor halifikiwi na mdukuzi aliye ng'ambo.

Mwisho, ondoa kadi iliyohifadhiwa (swali la 11).

10. Nimepigiwa simu na "kampuni ya gemu", wananirejeshea pesa. Niamini?

Usiamini. Baada ya data kuvuja, wizi wa pili ndio unaowaumiza watu wa kawaida. Anayekupigia ana jina lako kamili, barua pepe na pengine mchezo ulionunua mwisho, kwa hiyo sauti yake inaaminika. Atakuambia una fidia, umtajie tarakimu zilizoingia kwenye simu yako ili "athibitishe". Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa akaunti yako.

Kampuni za gemu za ng'ambo hazimpigii mteja simu kumrejeshea pesa. Safaricom nao wamekuwa wakiwakumbusha wateja kwamba wao hupiga kwa namba moja tu, 0722 000 000, na hawaulizi namba ya siri ya M-PESA. Meseji ya utapeli unaweza kuipeleka 333 bila malipo.

Kuna na wale wanaotaka laini yako. Wakiwa na jina na namba ya kitambulisho hujaribu kuihamisha kwenye kadi nyingine, ili tarakimu za uthibitisho ziwafikie wao. Piga *100*100# uifunge laini ya Safaricom isibadilishwe mpaka ufike dukani kwao mwenyewe. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukiona usiyoijua, iripoti. Waelezeni na wazee nyumbani. Simu hizi zikimkosa kijana humtafuta mama yake.

11. Nililipia kwa kadi au kwa M-PESA. Pesa zangu ziko hatarini?

Inategemea ulilipaje. Kadi ya benki iliyohifadhiwa kwenye akaunti ndiyo ya kuangaliwa: pitia taarifa za benki, na ukiona malipo usiyoyajua, hata madogo, piga benki uifungie. Wezi huanza kwa kiasi kidogo kujaribu kama kadi iko hai.

Kadi ya mtandaoni ya M-PESA, iliyoanza 2022 kwa ushirikiano na Visa, ni salama zaidi kwa sababu namba zake za usalama hudumu kwa muda mfupi. Kama ulinunua kadi za zawadi mjini na kuingiza tarakimu, hakuna cha benki kilichobaki kwa kampuni. Salio lililo ndani ya akaunti linaweza kuliwa, lakini halizidi hapo.

12. Nitajuaje kama nimo kwenye orodha?

Subiri barua ya kampuni, lakini usiitegemee peke yake. Iko huduma ya bure iitwayo Have I Been Pwned, iliyoanzishwa 2013 na Troy Hunt wa Australia. Unaandika anwani ya barua pepe tu, nayo inakuambia imeonekana kwenye uvujaji upi unaojulikana. Huduma kama hiyo haikuulizi nenosiri la barua pepe yako. Yoyote inayokuuliza, ikimbie.

Usishangae ukikuta mambo ya zamani. Wengi hapa walicheza michezo ya maneno ya Zynga kwenye simu wakaisahau, na Septemba 2019 akaunti zaidi ya milioni 170 za kampuni hiyo zilichukuliwa.

13. Nifute akaunti kabisa?

Ukiifuta unapoteza michezo uliyonunua, na data iliyokwisha kuvuja haizoleki. Kuifuta kunakukinga na uvujaji ujao tu. Kama huitumii, ifute bila kujuta. Kama unaitumia, punguza kilichomo: ondoa kadi, anwani na namba ya simu isiyo ya lazima.

## Haki zako

14. Sheria ya Kenya inasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaeleza namna. Data ikifikiwa na asiye na ruhusa, na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa mwenyewe, kampuni inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipojua, na kumwarifu mwenye data kwa maandishi bila kuchelewa kusiko na sababu. Ipo nafuu kwa kampuni iliyokuwa na kinga ya kutosha, kama usimbaji: inaweza isilazimike kumwarifu kila mteja.

Ofisi ya Kamishna inaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Niseme wazi: hilo neno "kidogo" linawapendelea wakubwa. Kampuni inayoingiza mabilioni haitishwi na milioni 5, na sheria ingefaa kurekebishwa hapo.

15. Kampuni iko Japani au Marekani. Nilalamike wapi?

Lalamika kwa Kamishna wa Data. Taarifa zako hazikai Mombasa. Hupita kwenye nyaya za chini ya bahari zinazoingilia nchini hapahapa kwetu, kama SEACOM na TEAMS zilizofika 2009, zikaenda kulala kwenye seva za mbali. Lakini sheria yetu inamgusa hata aliye nje ya nchi ikiwa anashughulikia data za watu walioko Kenya.

Malalamiko hupokelewa bila wakili, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Andika kwanza kwa kampuni, weka nakala, picha za skrini na tarehe. Ukifika kwa Kamishna na "walinidhulumu" peke yake utazungushwa. Ukifika na barua ya tarehe fulani isiyojibiwa, utasikilizwa. Kumlazimisha asiye na hata ofisi Nairobi bado ni kazi ngumu, lakini lisiloandikwa halihesabiwi.

16. Naweza kulipwa fidia?

Sheria yetu inatambua hasara ya pesa na hata usumbufu wa moyo. Uzoefu wa nje, hata hivyo, ni wa kukutayarisha. Mdhibiti wa Uingereza aliwatoza Sony pauni 250,000 Januari 2013, akisema shambulio lile lingeweza kuzuiwa. Pesa hizo hazikwenda kwa wateja, zilikwenda serikalini. Kesi ya pamoja ya Marekani iliishia kwenye suluhu ya 2014 yenye thamani ya dola milioni 15, sehemu kubwa ikiwa michezo na huduma. Walioweza kuonyesha hasara ya wizi wa utambulisho ndio waliofikiriwa malipo ya hadi dola 2,500. Mara nyingi anayelipwa ni mwenye risiti.

17. Akaunti ni ya mtoto wangu wa miaka 12. Nifanye nini?

Mzazi, usianze kwa kumgombeza. Mtoto anayeogopa hataleta habari ya meseji ya ajabu aliyoipata. Keti naye mfuate hatua za swali la 9 pamoja, mwonyeshe kwa nini hatakiwi kutaja jina la shule wala mtaa anapocheza na asiowajua.

Kisheria, data za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi, na Ofisi ya Kamishna imeonyesha hailichukulii kwa wepesi: Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tatizo la gemu ni kwamba watoto wengi hujisajili kwa umri wa uongo. Kama ndivyo ilivyo, rekebisha umri au fungua akaunti ya mtoto iliyo chini ya yako, ili ukilalamika usimame mahali pa kweli.

## Yenye mikunjo

18. Nina kibanda Kisauni, akaunti moja kwenye mashine kadhaa. Tangazo linanihusu vipi?

Linakuhusu kuliko mtu wa nyumbani, kwa sababu mlango wako mmoja ukifungwa, riziki ya siku imesimama. Wale waliokuwa na vibanda Aprili 2011 walibaki na michezo isiyotegemea mtandao tu. Kwa hiyo weka michezo isiyohitaji mtandao, na barua pepe ya akaunti ya kibanda isiwe ileile ya biashara na familia.

Jambo la pili ni wateja wako. Wapo vijana wanaoingia kwa akaunti zao kwenye mashine yako na kuondoka bila kutoka. Fanya mazoea ya kuondoa akaunti za wageni kila jioni. Na kama unaandika majina na namba za simu za wadaiwa kwenye simu au kompyuta, nawe unashika data za watu. Zifunge.

19. Nilisajili akaunti kwa anwani ya Uingereza. Nimepoteza haki?

Wengi hapa wamefanya hivyo kwa sababu Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na PlayStation, kwa hiyo huchagua Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Data yako halisi, yaani barua pepe, nenosiri na malipo, bado ni yako, na wewe uko Kenya. Lakini utakutana na ugumu mara mbili: zawadi za kuomba radhi huja kwa nchi ya akaunti, na kampuni ikikutaka uthibitishe anwani ili urejeshewe akaunti, huna la kuonyesha. Hifadhi risiti za kadi za zawadi, barua pepe ya kwanza ya usajili na namba ya utambulisho ya mashine. Hivyo ndivyo vitakavyokutetea.

20. Nilinunua PS ya mtumba, au akaunti yenye michezo tayari. Imo kwenye uvujaji. Sasa?

Mashine zinazoshuka na mizigo ya Dubai na Uingereza huja wakati mwingine na akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Ifute yote, irudishe kama ilivyotoka kiwandani, uingie kwa akaunti yako. Usijaribu kuitumia akaunti ile, si yako.

Akaunti uliyonunua ni kesi nyingine. Aliyeifungua ana barua pepe ya kwanza na risiti za kwanza, kwa hiyo anaweza kuidai tena wakati wowote, na baada ya uvujaji kampuni huwataka watu wathibitishe umiliki. Hapo utashindwa. Masharti ya kampuni nyingi yanakataza biashara hiyo, kwa hiyo hata ukilalamika huna pa kusimamia.

21. Niliacha kucheza zamani. Mbona naambiwa leo?

Kwa sababu wewe uliondoka, data haikuondoka. Zile namba za kadi 12,700 za swali la 2 zilitoka kwenye hifadhidata ya 2007 ambayo haikuwa na kazi tena. Valve nao, Februari 2012, waliwaambia wateja kwamba wadukuzi wa Novemba huenda walinakili faili ya akiba yenye malipo ya kati ya 2004 na 2008.

Sheria yetu inakupa haki ya kuomba data isiyohitajika tena ifutwe. Andika barua pepe fupi kwa kampuni: taja akaunti, sema huitumii, omba wafute taarifa zako na wakuthibitishie kwa maandishi. Ambatanisha jibu lao, au maelezo kwamba hawakujibu, kwenye lalamiko kama ilivyoelezwa swali la 15.